Mwanamke Asiyesema Safari Njema

Turubai likilowa ukungu lina harufu yake, na harufu hiyo ikichanganyika na ya sabuni ya mche, mimi hutafuta njia nyingine ya kupita. Juzi asubuhi nilipita nyuma ya hoteli ninayofanyia kazi hapa Karatu, mahali wanapofulia mashuka. Ukungu ulikuwa bado mzito, na vijana walikuwa wameanika mahema mawili kando ya nguo. Nikasimama palepale. Kijana mmoja wa dobi akaniuliza, "Dada, vipi, umeona nyoka?" Nikamwambia hapana, endelea na kazi. Ningemwambia nini? Afisa utumishi mzima, kitambulisho shingoni, anaogopa nguo zilizoanikwa. Ninyi nitawaambia, kwa sababu mmeketi, na jambo lenyewe si la kusimulia mtu umesimama.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama yangu alikuwa mpishi kwenye kambi ya mahema juu kidogo ya mji, kule mashamba yanakoishia na msitu wa Ngorongoro unakoanzia. Sisi ni Wairaqw wa Daa. Likizo ya Juni ilipofika mama alinichukua nikakae naye kambini, na baba akabaki kuvuna. Juni kule juu ni baridi ya kuuma masikio. Ukungu unashuka kutoka msituni alfajiri na kukaa mpaka jua litakapojisikia kutoka. Mimi nilipewa kazi ya kuchambua maharage karibu na moto, na sijapata kazi nzuri kama ile tangu niajiriwe.

Jina langu ni Safari. Mama alishikwa na uchungu akiwa njiani kwenda hospitali, ndani ya pikapu iliyobeba vitunguu, nikazaliwa kabla hawajafika. Kwetu mtoto huweza kuitwa kwa lililotokea siku hiyo, nami namshukuru Mungu hawakuniita Kitunguu. Lakini pale kambini jina langu lilikuwa la kila mtu. Lilikuwa limeandikwa kwenye milango ya magari, kwenye fulana za madereva, na kwenye kibao cha getini. Mama akiniita kutoka jikoni, hakukosekana dereva wa kuitikia kwa utani.

Msimamizi wa kambi alikuwa Bwana Mushi, Mchaga wa Kibosho, mtu safi wa nguo na wa maneno, mwenye kupenda utaratibu kuliko chai. Utaratibu aliojivunia zaidi ulikuwa wa asubuhi. Wageni wakishapanda magari kwenda kreta ya Ngorongoro kutazama wanyama, wafanyakazi wote walipanga mstari getini, mpishi, dobi, mlinzi, hata mimi na maharage yangu mfukoni. Tulipiga makofi, kisha kwa pamoja na kwa sauti ya juu tukasema, "Safari njema!" Wageni walifurahi, wakapunga mikono, wakapiga picha. Bwana Mushi alikuwa akisema hapo ndipo kambi yetu inapowashinda wengine wote.

Katika mstari ule alikuwapo mtu mmoja ambaye mdomo wake haukufunguka. Aliitwa Mama Gidamis, na ndiye aliyekuwa akifua mashuka. Alikuwa Mdatoga, au Mmang'ati kama sisi tulivyozoea kuwaita bila kuwauliza kama wanalipenda jina hilo. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa bangili nyingi za shaba mikononi, na kuzunguka macho yake palikuwa na chale ndogondogo zilizopangwa kwa duara. Ukame ulikuwa umewamalizia ng'ombe wao karibu wote, mumewe akashuka Mang'ola kulima vitunguu vya watu, naye akaja kufua ili mwanawe Gidamis asitoke shuleni. Hayo niliyasikia wakubwa wakiyazungumza, lakini hayakunisaidia kitu. Mimi nilikuwa nimelelewa kwa Mmang'ati.

Nikisema nimelelewa kwa Mmang'ati nina maana hii: bibi yetu kule Daa akitaka tunyamaze alisema Mmang'ati anapita. Tukikataa kulala, Mmang'ati yuko nyuma ya zizi. Tukichelewa kurudi na mbuzi, Mmang'ati na mkuki wake ameshatuona. Hata siku moja nilikuwa sijamwona Mmang'ati kwa macho, na labda hata bibi hakuwa amewaona wengi, lakini tulinyamaza, tukalala, na mbuzi wakarudi mapema. Sasa nikamkuta yuko jikoni kwa mama yangu, anakula makande kwenye sinia moja na sisi.

Nilimwogopa mpaka nikahamia upande wa pili wa sinia. Na kilichonitisha zaidi ya chale na bangili ni kwamba alionekana kunichukia mimi binafsi. Mama akiita, "Safari! Leta chumvi!" yule mwanamke aligeuza uso kama aliyemwagiwa maji. Mara nyingine aliziba sikio kwa kiganja. Hakuniita jina langu hata mara moja. Nilikuwa "wewe", au "binti", au alinionyesha tu kwa kidevu. Wengine aliwaita vizuri. Alimwita Salum, aliyekuwa mchinjaji na msaidizi wa mama, Mrangi kutoka Kondoa. Alimwita Laizer, mlinzi wetu wa Kimasai, ijapokuwa Wamasai na watu wake walikuwa na maneno ya zamani. Mimi tu ndiye niliyekuwa sina jina kinywani mwake.

Bwana Mushi alimvumilia, halafu akachoka. Siku moja alimsimamisha getini mbele yetu sote.

"Mama Gidamis, ni maneno mawili tu. Watoto wa chekechea wanayaweza. Sema, nisikie."

Akainama, akashika bangili zake. "Mimi nafua, bosi. Mashuka hayana kosa."

"Sijasema mashuka. Nimesema salamu. Unaniaibisha mbele ya wageni."

"Nitapiga makofi."

"Makofi hayatoshi. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Kama huwezi kuwatakia wageni heri, hapa si mahali pako."

Alirudi kufua. Jioni nilimwona amekaa peke yake kwenye beseni lililogeuzwa, anatazama mashuka. Mama alimwambia Salum kwamba mwisho wa mwezi Gidamis atarudi nyumbani kuchunga hewa, maana ng'ombe hakuna.

Kisha gari moja la wageni wetu liliteleza kwenye mteremko wa kuingia kreta, kwenye utelezi wa ukungu, likaegemea ukingo. Hakuna aliyeumia, ila mzungu mmoja alilia sana. Madereva wakarudi na maneno yao. Mmoja akasema, si mnaona, kuna mtu kila asubuhi anafunga mdomo wakati wenzake wanaombea magari, mnadhani anafunga bure? Alisema kwa utani. Lakini utani wa wakubwa ukiingia masikioni mwa mtoto anayeogopa haubaki utani. Usiku ule nilijibana mgongoni kwa mama nikawa nahesabu mara zote yule mwanamke alizogeuza uso jina langu lilipotajwa. Nikaelewa, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba gari limeshateleza na anayefuata ni mimi.

Tangu hapo nilimkwepa kama mtu anavyokwepa mbwa asiyemjua. Akiingia jikoni kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa wa nyuma. Mama alinigombeza, nikamwambia naumwa tumbo.

Basi asubuhi moja wageni wameshaondoka, mstari umeshavunjika, ukungu umekaa chini kabisa. Ungenyoosha mkono usingeona vidole vizuri. Mama akanipa kikapu cha vibanio vya nguo. "Mpelekee Mama Gidamis kwenye kamba. Upesi, urudi unywe uji." Nilitaka kukataa, ila alikuwa ameshika mwiko, na mama akiwa na mwiko hakataliwi. Nikashuka.

Kamba zilikuwa mteremkoni, chini ya mahema, kuelekea tangi la maji. Mashuka yalikuwa yamening'inia meupe ndani ya weupe, yanadondosha maji. Nilimsikia kabla sijamwona, zile bangili zikigongana akikamua nguo. Sikwenda kwake. Nilizunguka upande wa pili wa mashuka, nia yangu niweke kikapu chini mwisho wa kamba na kukimbia. Nikasikia tawi limevunjika. Bangili zikanyamaza. Kukawa kimya, kimya cha kunifanya nisimame na kikapu kifuani.

"Wewe!" ilikuwa sauti yake, ya chini, ya haraka. "Wewe binti! Simama! Usiende huko!"

Jamani, mtu unayemwogopa akikuita ndani ya ukungu, utasimama? Mimi nilikimbia. Nilitupa kikapu nikakimbia mbali na sauti ile, nikiteremka kuelekea tangi, mashuka yaliyolowa yakinipiga usoni.

"Binti! Mtoto wewe! Simama!"

Niliongeza mbio. Nilikuwa na hakika siku yangu imefika na amenifuata penyewe, mahali mama hanioni.

"Safari!"

Nilisikia jina langu likipasua ukungu wote. Halafu tena, kwa sauti iliyokatika katikati, "Safari!" Miguu ikasimama yenyewe. Si kwamba nilitii. Nilishtuka tu, kama ambavyo ungeshtuka kusikia jiwe likikuita. Mdomo ule ulikuwa haujawahi kunitaja.

Na niliposimama ndipo nikaona kwamba kilichokuwa mbele yangu si tangi. Tangi halina sikio. Kilikuwa kijivu, kimepanda juu mpaka kikapotelea ndani ya ukungu, na sikio lile likapepea polepole, na nikasikia tumbo lake likinguruma, mngurumo ambao niliusikia kwa miguu kabla ya masikio. Pembeni mwake palikuwa na mdogo, anachezea maji ya bomba lililovunjwa. Tembo mwenye mtoto. Nguo zangu zililowa, na si kwa ukungu.

Mkono ulinishika kola ya sweta kwa nyuma. Bangili zikanigusa shingoni, za baridi. Mama Gidamis hakunivuta kwa nguvu. Alinirudisha hatua moja, akasubiri, akanirudisha nyingine, akasubiri, mpaka mashuka yakawa kati yetu na yule mnyama. Tukasimama hapo. Niligeuka kumtazama. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na mkono wake mmoja ulikuwa umefunika mdomo. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima wenye hofu namna ile. Nikamkumbatia kiunoni, mimi niliyekuwa nikimkimbia, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumkumbatia.

Tembo walikunywa, wakaondoka wakipita kando ya mahema, bila kugusa kamba hata moja. Ndipo watu wakafika na masufuria wakiyagonga, mama mbele, kilemba kimeanguka. Laizer na rungu lake. Bwana Mushi nyuma yao, viatu vimejaa matope. Kila mtu alikuwa ameisikia ile sauti. Mama alinikagua mikono, miguu, kichwa, kisha akakaa chini kwenye nyasi zenye maji akalia.

Bwana Mushi alimgeukia Mama Gidamis. "Kumbe neno analijua," akasema. "Kumbe analiweza vizuri tu! Miezi yote hii alikuwa ananidharau."

Mama Gidamis alifungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya beseni, akapanda njia ya getini akatoweka kwenye ukungu. Bwana Mushi akasema heri, ameniondolea kazi ya kumfukuza.

Siku kadhaa baadaye akaja msichana wa Kidatoga jikoni, mke mdogo wa shemeji yake Mama Gidamis, kuchukua shuka la kujitanda alilolisahau mwenzake. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha shule. Mama akamkalisha, akampa chai, akamuuliza mwenzake anaendeleaje na kwa nini aliondoka bila kupokea hata asante.

"Yupo nyumbani tu," akasema. "Wazee wanalizungumza hilo alilosema."

"Alisema nini? Alimwita mwanangu."

Msichana akasita. Akageuka mlangoni, akaonyesha gari lililoegeshwa nje. "Lile lililoandikwa pale. Ni jina la baba mkwe wetu, marehemu. Sisi tulioolewa kwenye boma lile hatulitaji. Hatulisemi hata likiwa la kitu kingine, tunatafuta neno lingine la kupita. Kulisema ni kumvunjia heshima mzee, na watu wake, na wewe mwenyewe."

Mama aliweka mwiko chini. Alinitazama mimi, akatazama gari, akatazama kibao cha getini. "Na kila asubuhi anapangwa mstari alipigie kelele," akasema taratibu. "Kwa nini hakutuambia?"

"Angewaambiaje, mama? Ili aeleze, ingebidi alitaje."

Mama yangu hakuwa mtu wa kuingia ofisini kwa bosi. Siku ile aliingia na aproni yake ya masizi, nami nimemshika pindo. Alieleza yote. Bwana Mushi alisikiliza hadi mwisho, hakuwa mtu mbaya, akakuna kidevu.

"Nimekuelewa, mama. Ila nikimwachia huyu, kesho kila mtu atakuja na lake."

"Walishakuja nayo siku nyingi," mama akasema. "Wewe Desemba, kambi imejaa wageni mpaka magodoro yanakosekana, unapanda gari kwenda Kibosho kula nyama na ukoo. Tumewahi kukuuliza? Salum akienda kuswali Ijumaa, nani anageuza nyama jikoni? Mimi. Shangazi yangu alipofariki nikakaa msibani Daa, nani alipika hapa?"

"Laizer," Bwana Mushi akasema kwa shida.

"Laizer alipika. Na wageni walikula, ingawa hatujui walikula nini. Kila mtu hapa ana lake ambalo wenzake wanambebea. La huyu ni kunyamaza maneno mawili, na hilo ndilo limekuwa zito?"

Bwana Mushi alitazama dirishani. Kisha akasema kama anaongea na kioo, "Mwambie arudi."

Haikuwa rahisi hivyo. Mama alikwenda kwa miguu mpaka kwenye boma lao, nami nikaenda, nimevaa gauni la Krismasi. Njia nzima nilikuwa naogopa kuliko siku ya tembo, maana sasa nilijua kwamba mimi mwenyewe ndiye neno. Mama aliniambia, "Ukiulizwa jina, kaa kimya, nitajibu mimi." Tulikalishwa mbele ya wazee. Mama akawaeleza jinsi ilivyokuwa, akanisimamisha, akasema tu, "Huyu hapa ndiye aliyeokolewa." Nilitazama vidole vyangu vya miguu nikiomba mtu yeyote asinitaje. Mwishoni mzee mmoja akasema jambo kwa lugha yao, na mwanamke akaniletea maziwa kwenye kibuyu, ishara kwamba yamekwisha. Niliyanywa yote, kwa hofu.

Mama Gidamis alirudi kazini mvua za vuli zilipoanza. Getini wenzake waliposema yao, yeye aliinua mkono akasema, "Mrudi salama," na wageni wakapiga picha vilevile. Mimi, kila likizo nilipokuja jikoni, nikaitwa Mwenda alipokuwa karibu, na ingawa madereva walisahau mara nyingi, wengine waliwakumbusha. Gidamis alimaliza shule. Mimi nikakua, na nikawa ninasimulia kisa hiki kama kisa cha tembo. Watu walikipenda hivyo.

Mwaka huu ofisi ilinipeleka Arusha kwenye semina ya utofauti na ujumuishi mahali pa kazi. Mwezeshaji alituonyesha picha za watu wa kila aina wakicheka pamoja, akatuomba kila mmoja aseme ujumuishi ni nini. Jirani yangu akajibu kwamba ni kumkaribisha kila mtu mezani, tukampigia makofi. Mimi nikaacha kupiga kabla ya wenzangu. Mama Gidamis alikuwa amekaribishwa tangu siku ya kwanza. Sinia lilikuwa moja, aproni moja, mstari mmoja. Hakuna aliyemnyima kitu, ila hakuna aliyewahi kumuuliza, mama, hili tunalokuambia ufanye, kwako likoje? Zamu yangu ilipofika nilisema nitajibu baadaye.

Na nikiwa kwenye kiti kile ndipo nilipouona tena uso wake kwenye ukungu, na nikauelewa. Miaka yote nilidhani alikuwa anamwogopa tembo. Lakini yule mwanamke alikulia machungani, alipishana na tembo tangu akiwa mdogo kama mimi, na aliponishika kola alinirudisha nyuma bila haraka yoyote. Mtu aliyeingiwa na hofu ya mnyama hawezi kufanya vile. Hofu yake ilikuwa imeanza kabla, pale alipoona naikimbia sauti yake na kwamba limebaki neno moja tu la kunisimamisha. Mimi niliyekuwa nikilala nikimwogopa, kumbe yeye alikuwa akiamka kila asubuhi akiniogopa mimi, na siku ile akaniita.